Mwamba Uliopasuka

Mwanangu wa kwanza aliponiuliza niko darasa la ngapi, yeye alikuwa ameingia la tatu, na mimi nilikuwa naandika tasnifu ya udaktari niliyoianza kabla hajazaliwa. Tulikuwa barazani nyumbani Shinyanga, mimi nachambua mchicha, baba yake anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake wa sekondari. Nikamwambia mimi sina darasa, mimi nasoma maji. Akafikiri kidogo, akauliza, "Kwani maji yanaisha lini?" Baba yake akacheka mpaka kalamu ikamdondoka. Mimi sikucheka sana.

Chuo ninachofundisha kilinipeleka kusoma kwa mkataba. Nikimaliza, nirudi nifundishe; nisipomaliza, nibaki mhadhiri msaidizi mpaka nimalize. Mada yangu ilikuwa pampu za maji zinazoendeshwa kwa umeme wa jua katika vijiji vya kati ya Shinyanga na Geita, na niliichagua mwenyewe. Nimekulia kwenye nchi ya mbuga nyeusi, udongo wa mfinyanzi unaopasuka ukikauka. Kiangazi tulifukua mchanga wa mto mkavu, tukangoja maji yajikusanye chini ya shimo, huku ng'ombe wa watu wakituhemea visogoni. Binti wa namna hiyo akisikia kuna elimu ya kujua maji yalipo chini ya ardhi, haulizi mara mbili. Sikujua kwamba elimu hiyo ina mlango wa kuingilia tu.

Msimamizi wangu alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulionimaliza. Kila nilipompelekea sura ya tasnifu aliisoma yote, akanisifu, kisha akaandika pembeni: "Rudi uwandani, takwimu hazitoshi." Nikarudi. Mwaka nikapima vina vya visima, mwaka nikapima jua. Wenzangu niliosoma nao wengine walikuwa wameshakwenda zao, mmoja nje ya nchi, mwingine kwenye kampuni ya kuuza sola. Mimi nilikuwa bado nazunguka na buti za mpira na begi la vyuma kati ya Masumbwe na Runzewe, na wanakijiji wakiniita Dokta kabla sijawa, wakiniletea watoto wenye homa niwatibu.

Kijiji kimoja cha upande huo ndicho nilichokizoea zaidi. Kilikuwa na kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine, chenye pampu ya sola, na nilikuwa nakifuatilia tangu kilipozinduliwa. Kiangazi kimoja maji yakaanza kupungua. Jua lilikuwa tele, maji ndiyo hayakuwepo; pampu ikawa inakohoa tu bombani na wanawake wanapanga ndoo tangu alfajiri. Mwenyekiti wa kijiji akanipigia simu, akaniomba nije niwatafutie mahali pa kuchimba kisima cha pili. Dereva wa chuo alinipeleka, akanishusha nyumbani kwa mwenyekiti pamoja na vyombo vyangu, akageuza gari kwa sababu mhadhiri mwingine alikuwa analihitaji. Tukakubaliana anifuate nikimaliza.

Kazi yenyewe si ya kichawi. Unapigilia vyuma ardhini kwa mstari, unaviunganisha kwa nyaya, unapitisha umeme kidogo na kusoma jinsi ardhi inavyoupokea. Jiwe zima linaupokea kwa namna yake, jiwe lililopasuka likajaa maji linaupokea kwa namna nyingine. Nilizunguka na vyombo vyangu kijiji kizima, na mahali pazuri kuliko pote pakawa ni kwenye shamba la mama mmoja mjane, aliyekuwa analima mahindi na viazi vitamu pembezoni mwa barabara. Mimi nilimwita Mayu, kama tunavyowaita mama zetu kwa Kisukuma. Aliniletea michembe ya moto, vile viazi vitamu vilivyokaushwa na kuchemshwa, pamoja na karanga, akakaa kwenye tuta akinitazama ninavyovuta nyaya, na wapita njia nao wakasimama. Kufikia mchana kulikuwa na watu wengi kuliko mnada.

Mwenyekiti akaona ni vizuri niwaeleze watu hapo hapo. Nikapanda kwenye tuta, nikawasalimu, nikasema kwa furaha yangu yote: "Ndugu zangu, hapa chini mwamba umepasuka. Mpasuko ni mpana, unatokea kule barabarani unaelekea kule kwenye miti. Msihangaike pengine. Mkichimba, chimbeni hapa."

Mwenyekiti akayarudia kwa Kisukuma kwa ajili ya wazee, na neno mwamba akaliacha kama lilivyo. Vijana wakatoa simu, wakaanza kupiga. Nikadhani wamefurahi.

Asubuhi yake niliamshwa na sauti ya sururu. Si moja. Nilitoka na khanga mabegani, nikaona pikipiki zimelala barabarani kama mbuzi, na shamba la Mayu limejaa wanaume wenye makoleo, kamba na vigingi vya kugawana viwanja. Matuta ya viazi yalikuwa yamefumuliwa. Wengine nilikuwa siwajui kabisa. Walikuwa wamesikia usiku huo huo kwamba kuna rashi, yaani kwamba dhahabu imeonekana mahali watu wanakimbilia.

Mimi nimesoma miaka mingi, na kote nilikosoma mwamba ni jiwe kubwa lililo chini ya udongo. Lakini kwa wachimbaji wa Geita mwamba ni ule mkanda wa jiwe wenye dhahabu. Mtu akipata mwamba amepata maisha. Na mimi, mtaalamu wa kutoka chuoni, nimesimama mbele ya umati na mashine yenye nyaya, nikawaambia ulipo na unakoelekea.

Niliwafuata. Kiongozi wao alikuwa mtu wa makamo mwenye kofia nyekundu, mwenye adabu sana.

"Madam," akasema, akinishika mkono kwa mikono yake miwili, "umetutoa gizani."

"Jamani, mimi nimesema maji. Natafuta maji."

"Ndiyo. Maji." Wenzake wakacheka. "Hata sisi akija afisa tutamwambia maji."

"Hapa hakuna dhahabu!"

"Chombo chako kimekuonesha kwamba hakuna?"

Hapo ndipo nilipokwama. Chombo changu hakijui dhahabu, hakijawahi kuitafuta. Ningeweza kudanganya, lakini yule bwana alikuwa ananitazama kwa heshima, na kazi yetu imetufundisha kusema kile tu tulichokipima. Nikasema, "Chombo hiki hakipimi dhahabu."

"Basi huwezi kusema haipo," akasema taratibu, akarudi kwenye shimo lake.

Nikampigia dereva aje anichukue. Akaniambia gari liko gereji, linasubiri kifaa kutoka Mwanza. Nikachukua begi langu nikaenda barabarani kusubiri basi, na hapo vijana wa sungusungu, wale walinzi wa kijiji, wakaja kunisindikiza kurudi kwa mwenyekiti. Hawakunigusa. Mmoja alinibebea begi. Mwenyekiti akanieleza kwamba ni kwa usalama wangu, kwamba barabarani kuna watu wasiojulikana, kwamba nipumzike kidogo. Nilipomuuliza kidogo ni mpaka lini, akasema, "Mpaka mambo yatulie."

Yule wa kofia nyekundu alinipa jibu la kweli zaidi. Mtu anayejua mwamba unakopita hawezi kuachwa aende akawaambie matajiri wa mjini. Wangeamka siku moja wakakuta uzio na mbwa.

Kwa hiyo nikakaa. Nilipewa chumba cha mbele chenye kitanda kizuri na neti mpya. Mke wa mwenyekiti alinipikia ugali kwa dagaa wa ziwani na kuniomba radhi kwa kila sahani, kana kwamba tatizo lilikuwa mboga. Chini ya dirisha walikaa sungusungu wawili na pinde zao. Asubuhi walisimama wakanisalimu, "Wangaluka, mayu," na mimi nikawaitikia, "Wangaluka," kwa sababu hata mfungwa huitikia salamu. Nilipokwenda chooni mmoja alinifuata mpaka kona ya nyumba, akageuka akatazama upande mwingine mpaka nimalize. Sijawahi kulindwa kwa heshima kama ile, na sijawahi kuichukia heshima kama wakati ule.

Simu niliichaji kwenye sola ya kisima, mlinzi mmoja akiwa nyuma yangu. Mume wangu aliogopa kuita polisi, umati usije ukanigeukia; aliniambia, "Waambie chochote wanachotaka kusikia, uje nyumbani." Alilirudia hilo mara tatu, ikanibidi mimi ndiye nimtulize. Nilipompigia msimamizi wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akasikitika, kisha akasema, "Basi tumia nafasi hiyo. Ukiwa hapo hapo unaweza kupata vipimo vya kila siku. Ndicho ulichokuwa unakikosa." Nilikata simu nikaketi kitandani. Nilianza kucheka, halafu kicheko kikageuka, nikajifunika khanga usoni ili wale vijana dirishani wasisikie.

Mayu alikuja siku moja saa za jioni. Nilikuwa nimemwogopa kuliko wote. Hakuja kulia wala kugomba. Alikaa kwenye kigoda, akauliza, "Wewe ulisema nini hasa siku ile?"

"Maji, Mayu. Nilisema kuna maji."

"Nilikuelewa. Nilikuwepo." Akanyoosha miguu yake. Ilikuwa na udongo mwekundu mpaka magotini, kwa maana alikuwa bado anaokoa viazi katikati ya mashimo yao. "Sasa nisikilize. Watakuja kukuuliza mwamba unakwenda wapi mbele. Wewe waoneshe kule kwenye ngitili. Pale halimi mtu, ni majani tu ya ng'ombe. Wakienda kule, mimi nitafukia mashimo nipande mtama, mvua haijaanza."

Alikuwa na akili kuliko mwenyekiti na mimi tukiwekwa pamoja. Na kweli walikuwa wameshaniuliza. Kofia nyekundu alikuwa amekuja mchana ule ule na soda ya baridi, akiniomba nimwoneshe kwa kidole tu. Nilifikiria ile ngitili. Ni malisho yaliyotengwa, na kiangazi kikikaza ndipo ndama wa kijiji kizima wanapoponea.

"Mayu, nikinyoosha kidole popote, nakinyoosha kwenye kitu cha mtu."

Akakung'uta udongo magotini.

"Kwa hiyo ni changu tu," akasema.

Akanyanyuka, akajifunga khanga vizuri, akaaga kwa mke wa mwenyekiti na kwa wale sungusungu. Kwangu hakuaga. Nilibaki nimekaa na maneno yangu ya haki, na hayakunisaidia kitu.

Wiki chache baadaye wakakuta maji. Maduara, ndivyo wanavyoyaita mashimo yao, yalikuwa yameshashuka kina kirefu kuliko kisima cha kawaida cha kijiji, na mpasuko ulikuwa pale pale nilipousema. Kelele zilisikika mpaka kwa mwenyekiti. Nilikimbia, sungusungu wangu nao wakakimbia pamoja nami, tukasahau nani anamlinda nani. Maji yalikuwa yanapanda ndani ya shimo, meupe kama yamechanganywa na unga, na wachimbaji wanatolewa kwa kamba wakiwa wamelowa. Wanawake walikuwa wameshafika na ndoo. Mtu akanishika bega, akapiga kelele, "Alisema maji! Dokta alisema maji!" Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Kwa miaka yote ile ya kupimapima sikuwa nimewahi kuona nilichokisema kwenye karatasi kikitoka ardhini mbele ya macho yangu. Mwenyekiti akachinja jogoo. Niliamini kesho nitakwenda nyumbani.

Kesho yake lilikuja lori dogo aina ya Kanta limejaa pampu za petroli. Katika yale mawe waliyoyatoa kabla maji hayajawazidi, mtu alikuwa ameyasaga machache na kuyaosha, na kwenye karai pakabaki punje zinazong'aa. Zilikuwa kidogo sana. Kama zisingekuwepo kabisa wangekata tamaa, na kama zingekuwa nyingi angekuja mwenye mtaji na leseni, watu wakajua wanagombana na nani. Zile zilikuwa za kumfanya mtu asiondoke.

Wakaanza kuyavuta maji ili waendelee kushuka. Pampu zilinguruma kutwa, maji yakashuka barabarani, yakapita mbele ya maduka, yakaingia kwenye mbuga na kupotea katika nyufa za udongo. Watu walichota humo humo njiani, wakafua, wakaogesha pikipiki. Nilikwenda kwenye kisima cha sola na kamba yangu ya kupimia. Nilirudi kesho yake, na keshokutwa. Kila siku kamba ilishuka zaidi ndipo ikagusa maji, hadi siku moja haikugusa kitu. Paneli zilikuwa pale juu zinameremeta, pampu imekaa kimya.

"Ni mpasuko ule ule," nikamwambia mwenyekiti. "Wanakausha kisima chenu."

Alikuwa anakula. Akamaliza tonge lake. "Madam, vijana wana kazi. Mama ntilie wanauza. Kijiji hiki hakijawahi kuchangamka hivi. Maji si yale yanapita barabarani?"

"Na wakiondoka?"

Akanawa mikono. Baadaye nikagundua naye alikuwa na duara lake, upande wa miti, pale pale niliposema mpasuko unaelekea.

Asubuhi moja nilifungua dirisha nikakuta hakuna mtu. Nilisubiri wale sungusungu wanisalimu, wakachelewa. Nikamuuliza mke wa mwenyekiti, akasema wameacha, wamepata nafasi ya kuvuta kamba kwenye duara. Hivyo ndivyo nilivyofunguliwa. Hakuna aliyeniambia nenda. Walikuwa tu wameacha kunihitaji.

Mwenye Kanta alikubali kunipa lifti. Alikuwa mzee wa Kihindi, mwenye duka la mabomba na vifaa vya ujenzi Masumbwe. Amezaliwa huko huko, baba yake pia, na Kisukuma chake kilikuwa safi kuliko changu kilichochuja mjini. Paneli za kisima cha kijiji zilikuwa zimenunuliwa kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Panda. Pole sana, nimesikia."

Tukaondoka. Halafu akasema mwenyewe, bila mimi kumuuliza, "Nimewauzia paneli za kuleta maji, na sasa nimewauzia pampu za kuyatupa. Usidhani silioni. Hata mimi nyumbani mama yangu alichota kwenye lambo." Akabadilisha gia. "Wewe unayajua haya mambo ya sola. Vijana wangu wanafunga hovyo, paneli zinatazama kusikotakiwa. Njoo ufanye kazi kwangu. Hamia na familia yako, utalala nyumbani kwako kila siku."

Sijui kama alijua alichokuwa ananipa. Nilitazama nje, mihogo na vichuguu vinapita, nikajiona nimekaa dukani Masumbwe, naeleza watu pampu ya kununua, jioni nafunga. Halafu nikakumbuka mkataba wa chuo, na tasnifu, na miaka niliyokwisha kuiweka humo, ambayo kama ningeshuka sasa ingekuwa imeliwa bure.

"Nikimaliza shule, mzee."

Akaniangalia, akaziangalia mvi zangu, akaongeza mwendo.

Nilikwenda ofisi za wilaya kabla hata ya kwenda nyumbani. Bwana aliyenipokea alinisikiliza vizuri. Akasema mashimo ni ya watu wa madini, kisima ni cha watu wa maji, shamba ni la watu wa ardhi, na wote wana ofisi zao; nami nikapita kwenye ofisi zote hizo, na katika kila moja nikaambiwa ninachosema ni kweli. Kisha nikaliandika jambo lote katika sura moja ya tasnifu, jinsi neno lilivyoleta watu, watu wakaleta pampu, pampu zikakausha kisima. Sijawahi kuandika vizuri kama nilivyoandika sura ile. Msimamizi wangu aliisoma yote, akanisifu, akaandika pembeni: "Hii ni hadithi, siyo takwimu. Iondoe." Nikaiondoa. Vile vipimo vya kila siku vya kamba yangu akavibakiza, akasema ndivyo vilivyoikomaza kazi. Nikafaulu. Nikavaa joho, mama yangu akapiga vigelegele, na wiki iliyofuata mkuu wa idara akaniita kunipongeza. Akaniambia kuna utafiti mpya kuhusu umeme wa jua na maji katika ukanda wa dhahabu, na kwa kuwa mimi nawafahamu watu wa huko, jina langu limeshapelekwa.

Nilirudi kijijini kiangazi kilichopita. Wachimbaji hawakuwepo tena. Jiwe lilikuwa limekuwa gumu na punje zimepungua, kisha wakasikia kuna rashi upande wa Buseresere, wakaondoka kama walivyokuja, kwa asubuhi moja. Maji yalikuwa yamerudi kidogo kidogo, na kisima cha sola kikawa kinatoa tena, ingawa si kama zamani. Mashimo yalibaki. Mayu alikuwa ameyazungushia miiba yote, akapanda viazi katikati, matuta yakipinda huku na huku kuyakwepa.

Nilikuwa sijui kama atanikaribisha. Alinitolea kigoda, akaniletea viazi vya kuchemsha na maziwa ya mgando. Tukazungumza habari za mvua. Mwanawe wa Kahama alikuwa amemjengea chumba, anamwita kila siku ahamie kwake.

"Si uende, Mayu."

"Nitahamaje? Nani atanunua shamba la mashimo? Na nikiliacha, miiba itaoza. Mtoto wa mtu akitumbukia, watamtafuta mwenye shamba." Akamenya kiazi, akanipa. "Na wewe? Shule si imekwisha? Sasa unapumzika?"

Nikamweleza kuhusu utafiti mpya na vijiji vilivyo kwenye orodha yangu. Akanisikiliza huku akifukuza kuku.

"Kwa hiyo hawajakuachia."

"Hawajaniachia."

Akatikisa kichwa, akasema viazi vya upande wa barabara ni vitamu zaidi, ngoja akanichimbie vya kubeba. Akachukua jembe. Nikavua viatu nikamfuata, nikikanyaga pale alipokanyaga yeye, maana yeye ndiye aliyejua ukingo wa kila shimo ulipo laini.